Anubiasi ndogo

Anubiasi ndogo (jina la kisayansi: Anubias barteri var. nana) ni mmea wa familia ya Araceae, ambayo ndiyo familia ya magimbi. Asili yake ni Kamerun. Hupandwa sehemu ya mbele ya matangi ya samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, kwa kuwa ni mfupi na hukua polepole sana. Kwa kawaida kimo chake ni sentimita 5 hadi 15.

Jina

Jenasi Anubias ilielezwa na Heinrich Wilhelm Schott mwaka 1857. Jina linatokana na Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya Kale, kwa sababu mimea hii huota kivulini. Neno nana ni la Kilatini na maana yake ni "kibete".

Matumizi kwa samaki wa Ziwa Tanganyika

Mmea huu hauoti kiasili katika Ziwa Tanganyika, lakini unafaa kwa samaki wa huko. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi na pH yake hukaribia 9, hali ambayo mimea mingi ya matangi haiivumilii. Tena, baadhi ya samaki wa familia ya Cichlidae waishio kwenye miamba ya pwani ya Kigoma huchimba mchanga na kung'oa mimea. Anubiasi huvumilia maji hayo, majani yake ni magumu, na mizizi yake hushika jiwe. Hivyo mfugaji wa Mwanga au Ujiji anayetumia maji ya ziwa anaweza kuipanda bila kuyabadili.

Upandaji

Mmea una rizomu, yaani shina nene linalotambaa. Rizomu haifukiwi mchangani, kwa maana ikifukiwa huoza na mmea wote hufa. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti hadi mizizi ishike. Joto linalofaa ni sentigredi 22 hadi 28.

Matunzo

Jani moja jipya huweza kuchukua wiki kadhaa kutokea. Kwa sababu hiyo mmea hutumia mwanga na mbolea kidogo tu. Mwanga ukizidi, hunufaisha mwani, ambao hufunika majani yaliyokaa muda mrefu. Tangi liwekwe mbali na jua la dirishani. Kuongeza mmea, rizomu hukatwa kwa kisu kikali, kila kipande kikibaki na majani matatu au zaidi.

Tahadhari

Mimea ya tangi na maji yake havimwagwi ziwani, kwani huweza kubeba konokono na viumbe wengine wageni. Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliopendwa kwa maua yake, liliingia Ziwa Viktoria na kusumbua wavuvi na vyombo vyao.