Anayeandika Historia ya Mgonjwa

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai, na chuo hakifunguliwi mpaka Oktoba au Novemba. Baadhi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wengine wanarudi nyumbani huku Karatu na Ngorongoro, iwe Karatu mjini, Mang'ola au Endulen, na kusubiri. Wazazi huniuliza: miezi hiyo afanye nini mtoto anayetaka udaktari? Nawajibu kwamba akae karibu na mahali ambapo historia ya mgonjwa inaandikwa.

Marekani kazi hii ya kuandika ina jina na mshahara. Mwandishi wa daktari hukaa chumbani, anasikiliza mazungumzo na kuyaingiza kwenye kompyuta ili daktari apate nafasi ya kumtazama mgonjwa. Ilishamiri baada ya sheria ya mwaka 2009 iliyozisukuma hospitali kuhamia kumbukumbu za kielektroniki, na wengi wanaoifanya ni vijana wanaojiandaa kuomba chuo cha udaktari. Kwetu Tanzania hakuna kada hiyo. Kazi yake imegawanywa vipande: karani wa takwimu anajaza kadi za CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), mtu wa masjala anatafuta faili, muuguzi ana vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA, na tabibu mwenyewe anaandika huku akiuliza, foleni ikiwa imefika nje.

Karatu na Ngorongoro zina jambo la ziada. Hapa wanakutana Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wamaasai na Wadatoga wenye lugha za Kiniloti, wenye lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ambao lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu popote. Kwa hiyo anayekaa kati ya daktari na mgonjwa, iwe Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, hospitali ya FAME au Endulen, mara nyingi anahitajika kuwa mkalimani kabla ya kuwa mwandishi. Kijana aliyekulia boma la Kimaasai au nyumba ya Kiiraqw, mwenye Kiswahili kizuri na Biolojia ya kidato cha sita, ana kitu ambacho daktari aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine hana.

Historia hiyo ina uzito gani? Tazama homa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti mjini Moshi walifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walisema 528 kati yao wana malaria. Vipimo vya kina vilionyesha malaria ndiyo iliyowaumiza 14 tu kati ya wote 870. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, yakiwemo maambukizi yatokayo kwa wanyama: brusela, leptospira na homa ya Q. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kimepunguza kosa hilo, lakini kipimo kikisema si malaria, mgonjwa bado ana homa, na hapo ndipo historia inapoanza kufanya kazi.

Mfano ni mfugaji kutoka tarafa ya Ngorongoro. Kadi inaweza kusema: "Homa, maumivu ya mwili." Au inaweza kusema: homa inakuja jioni na kuondoka, wiki ya 6 sasa; jasho jingi usiku; kiuno na magoti vinauma; anakunywa maziwa mabichi; mwezi uliopita alimsaidia mbuzi aliyetupa mimba; hana kikohozi. Kadi ya kwanza inaelekea kwenye panadoli na antibiotiki ya siku chache. Ya pili inamfanya daktari afikirie brusela, ambayo tiba yake ya kawaida ni dawa mbili pamoja, doksisaiklini ikimezwa kwa wiki 6. Mgonjwa ni yule yule. Tofauti iko kwenye maswali na kwenye kalamu.

Angalia pia lile neno "hana kikohozi". Mgeni wa kazi hii huandika yaliyopo tu na kuyaacha yasiyokuwepo, lakini daktari anayesoma kesho hawezi kujua kama kikohozi hakikuwepo au hakikuulizwa. Daktari Mmarekani Lawrence Weed, katika makala yake ya mwaka 1968, alitetea kwamba kumbukumbu ya mgonjwa ipangwe kwa kufuata matatizo yake ili ionyeshe namna daktari alivyofikiri. Mpangilio uliotokana na kazi yake unafundishwa mpaka leo: kwanza maneno ya mgonjwa, kisha yaliyoonekana na kupimwa, kisha tathmini, mwisho mpango. Mwandishi ana mamlaka kamili kwenye sehemu ya kwanza peke yake. Akiandika "malaria" mahali ambapo mama alisema "mwili unawaka usiku", ameshatoa uamuzi usio wake, na daktari anayesoma haraka ataufuata. Haandiki dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, hatoi ushauri mlangoni, na ukurasa hauwi kumbukumbu mpaka daktari ausome na kuusaini.

Nasisitiza zaidi suala la siri, kwa sababu hapa watu wanajuana. Tumezoea mama kutafsiriwa na mwanawe wa kiume. Mama huyo hatasema kwamba anatokwa na damu, wala kwamba ana kidonda sehemu za siri. Atasema tumbo linauma, na ndivyo itakavyoandikwa. Mkalimani asiye ndugu anafungua mlango huo, mradi mgonjwa aamini kwamba aliyoyasema hayatafika mnadani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kijana asaini kiapo cha siri kabla ya kuingia chumbani, na mgonjwa aulizwe kila mara kama anamkubali. Akikataa, atoke bila kununa.

Kazi hii haitampa nafasi chuoni. Udahili wetu unaangalia alama. Wala asitarajie malipo. Aende na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, aombe kujitolea, na hospitali ina haki ya kusema hapana. Anachopata kitaonekana baadaye, iwe amechaguliwa kusoma shahada ya udaktari (MD) ya miaka 5 na mwaka wa utarajali, au stashahada ya utabibu ya miaka 3. Ili akipate, kila jioni kabla daktari hajaondoka amwombe dakika chache juu ya mgonjwa mmoja tu, na kumuuliza: ni jibu gani la mgonjwa lililokufanya ubadilishe mawazo?