Michezo ya Shule: Je, Huu ni Mchujo au Mtoano?

Siku moja ya muhula wa pili, basi la shule liliondoka Magadi saa kumi na moja alfajiri likiwa limebeba wasichana kumi na wawili, mwalimu wao wa michezo na mitungi miwili ya maji. Safari hiyo huanzia bondeni, ambako ardhi iko kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Hupanda polepole ikipita Olorgesailie na Olepolos hadi Kiserian, kisha hugeuka mashariki kuelekea Isinya, ndipo ishike barabara ya Namanga mpaka Kitengela. Anayetazama ramani atadhani Magadi na Kitengela ni majirani, maadamu zote mbili zimo katika Kaunti ya Kajiado. Lakini kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita mraba 21,000, na barabara haijali ramani inasema nini.

Mimi nilikuwa uwanjani kwa sababu mpwa wangu alikuwa akichezea shule nyingine. Wasichana wa Magadi walifika saa tatu na nusu, na saa nne wakaitwa kucheza voliboli. Walipoteza seti ya kwanza huku miguu ingali mizito kwa safari. Wakashinda ya pili kwa mchezo uliowafanya hata wapinzani wapige makofi. Ya tatu ikawaponyoka kwa alama mbili. Saa tano na robo jina la shule yao lilikuwa limekwisha kufutwa ubaoni. Wakala mkate wao chini ya mgunga wakisubiri dereva. Nilipompa pole kapteni wao, alinijibu kwa adabu, bila kuinua macho: "Ahsante, Mwalimu. Tumesafiri saa nne ili tucheze saa moja."

Sikuwa na la kumwambia. Nimelitafakari jibu lake tangu siku hiyo, na kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nilianza kulitafakari kwa njia ya maneno.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watangazaji na waandishi wetu wa michezo huyatumia kana kwamba ni pacha: mchujo na mtoano. Si pacha. Mchujo umetokana na kitenzi chuja. Anayechuja nazi ana nia: tui libaki, chicha itupwe. Chujio likiwa na tundu kubwa, chicha itapita na tui litaharibika, na hapo mpishi hatalaumu nazi. Mtoano, kwa upande mwingine, umetokana na toa, kikaongezwa kiambishi cha kutendana, tukapata toana. Neno hilo halidai lolote kuhusu ubora. Linasema tu kwamba watu wawili walikutana na mmoja akamtoa mwenziwe. Huenda alimtoa kwa ustadi, huenda kwa bahati, huenda kwa sababu mwenziwe aliamka saa tisa usiku kujiandaa kwa safari. Hoja yangu kwa walimu wenzangu ni kwamba mashindano mengi ya shule zetu tunayaita mchujo, ilhali tunayaendesha kwa mtoano.

Hebu tupige hesabu kidogo; wanafunzi wa kidato cha pili wataifuata bila taabu. Timu nane zikishindana kwa mtoano wa kawaida, mechi zitakuwa saba tu, na ndiyo sababu waandaaji wenye siku chache na fedha haba huupenda utaratibu huu. Lakini timu nne, yaani nusu nzima, hurudi nyumbani baada ya mechi moja. Sasa tuchukulie kwamba mojawapo ya timu hizo ni bora kuliko nyingine zote, kiasi kwamba ikikutana na yeyote itamshinda mara saba kati ya kumi. Kulinyakua kombe kunahitaji ushindi mara tatu mfululizo. Zidisha saba ya kumi kwa yenyewe mara tatu: utapata kama 34 katika 100. Kwa maneno mengine, timu ambayo sote tungeafikiana kwamba ndiyo bora itarudi bila kombe karibu mara mbili katika kila mashindano matatu. Na kuna nafasi tatu kati ya kumi kwamba itatoka katika mechi ya kwanza kabisa, kabla hata wachezaji hawajazoea udongo wa uwanja.

Upo utaratibu mwingine, nao ulinijia kwa mlango wa kazi. Mwanafunzi wangu mmoja anayechunguza istilahi za michezo aliniletea orodha ya maneno ya besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, akitaka nimsaidie kuyaswahilisha. Miongoni mwake palikuwa na jina la mashindano ambamo timu haiondoki mpaka ishindwe mara mbili. Inayoshindwa mara ya kwanza huteremka kwenye mkondo wa chini, hukutana huko na wengine walioteleza, na ikishinda mfululizo inaweza kupanda tena hadi fainali. Asiyeshindwa hata mara moja akifika fainali, mpinzani wake kutoka mkondo wa chini hulazimika kumfunga mara mbili. Tangu mwaka 1999 besiboli ya vyuo ya huko huziita timu 64 katika mashindano ya kitaifa, na hatua yake ya kwanza ni makundi 16 ya timu nne nne yanayochezwa kwa utaratibu huu. Waliobaki wanane hukutana Omaha, katika jimbo la Nebraska, na huko pia hakuna anayefungashwa virago kwa kosa moja. Kuteleza si kuanguka, walisema wazee wetu, nao hawakuwahi kuiona besiboli.

Tuirudie timu yetu ya saba kwa kumi. Nimeikokotoa njia yake katika mashindano ya namna hii yenye timu nane, nikijumlisha njia zote inazoweza kupitia: matumaini yake ya kombe hupanda kutoka 34 hadi karibu 43 katika 100. Si muujiza, nakiri. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kila timu, hata iliyo dhaifu, hucheza angalau mara mbili, na ile timu bora hupoteza mechi zote mbili za mwanzo mara tisa tu katika mia. Mechi zote kwa jumla huwa 14, au 15 fainali ikirudiwa. Linganisha na utaratibu wa makundi mawili ya timu nne nne ambao waandaaji wetu huutumia wanapokuwa na nafasi: mechi 12 za makundi, mbili za nusu fainali na fainali yenyewe hufanya 15. Gharama ni ileile. Voliboli ya seti tatu aghalabu humalizika kwa muda wa saa moja hivi. Viwanja viwili vitazimaliza mechi 15 kwa siku mbili bila haraka.

Hata hivyo, nisije nikaonekana mtu aliyeokota dawa moja akataka kumnywesha kila mgonjwa. Timu inayoshindwa mapema katika utaratibu huu na kupanda tena inaweza kucheza mechi saba. Katika netiboli na voliboli jambo hilo lavumilika kama siku ni tatu. Katika kandanda ya vijana wa miaka kumi na saba, mechi saba kwa siku tatu ni ukatili. Wamarekani wenyewe wamekumbana na tatizo la aina hiyo, kwa kuwa mkono wa mrushaji wa besiboli huchoka na hauponi kwa usiku mmoja. Shirikisho la vyuo vya kusini-mashariki, ambalo mashindano yake hufanyika Hoover, Alabama, lilikuwa kwa miaka mingi likitumia mtoano wa mara mbili katika sehemu kubwa ya ratiba. Mwaka 2025 likaziingiza timu zake zote 16 na kuhamia kwenye mtoano wa mara moja.

Msomaji makini atauliza: ikiwa wenye mchezo wao wameuacha, kwa nini sisi tuupokee? Jibu limo katika yale yanayotangulia mashindano. Timu za shirikisho hilo huwa zimekwisha kucheza mechi 30 za ligi baina yao kabla hazijafika Hoover. Anayetolewa hapo mapema bado anaweza kualikwa kwenye zile timu 64 kwa rekodi yake ya msimu mzima. Mlango mmoja ukifungwa, wa pili u wazi. Wasichana wa Magadi hawakuwa na ligi nyuma yao wala mlango mbele yao. Mtoano uleule mmoja ni mchezo huko Alabama, na ni hukumu huku kwetu.

Mahali ambapo shule zimekaribiana, kama zilivyo za Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, ligi ndogo ya Jumamosi yawezekana kabisa: timu sita zikikutana zote kwa zote ni mechi 15, na muhula una majuma ya kutosha. Kule Magadi na Mosiro, ambako shule ni chache na zimetawanyika, ligi ya kila Jumamosi ni ndoto ya mtu asiyenunua mafuta ya basi. Hao ndio wanaohitaji kuhakikishiwa zaidi ya mechi moja wanapofunga safari.

Ngazi za juu nazo zina kasoro yake, na hii ni ya hesabu ya madarasa ya chini. Mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari bado hufuata maeneo manane yaliyorithiwa kutoka mikoa ya zamani, ingawa Katiba ya mwaka 2010 ilituletea kaunti 47. Kwa desturi ya miaka mingi, kila eneo limekuwa likipeleka bingwa wake, na timu nane hugawanywa katika makundi mawili. Lakini Bonde la Ufa lina kaunti 14, Mashariki ina nane, Pwani na Nyanza sita sita, Kati tano, Magharibi nne, Kaskazini Mashariki tatu, na Nairobi ni kaunti moja peke yake. Bingwa wa Kajiado, baada ya kuwashinda wenyeji wa kaunti nzima, hulazimika kuwapita mabingwa wa kaunti nyingine 13, kuanzia Turkana hadi Narok, ndipo aione tiketi. Simwonei gere mwana wa Garissa au Wajir, ambaye ana safari ndefu kuliko zetu na viwanja vibovu kuliko vyetu. Tiketi yake isiguswe. Nairobi nayo ina shule nyingi ndani ya hiyo kaunti moja. Ninachosema ni kwamba eneo lenye kaunti 14 lastahili tiketi mbili, na la kaunti nane vilevile. Timu kumi katika makundi mawili ya tano tano ni mechi 20 za makundi badala ya 12. Ni siku moja au mbili za ziada kwa timu chache tu.

Walimu wa masomo watanung'unika juu ya siku hizo, nami ni mmoja wao, najua uchungu wa darasa lenye viti vitupu. Lakini tukumbuke kinachotafutwa. Wachezaji wengi wa Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya voliboli iliyocheza Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya Paris mwaka 2024, walitambuliwa kwanza wakiwa na sare za shule. Mashindano haya ndiyo ngazi ya kufikia michezo ya shule za Afrika Mashariki, iliyofanyika Mbale, Uganda, mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Kandokando ya uwanja husimama makocha wa vilabu na walimu wa shule kubwa wenye nafasi za ufadhili. Msichana anayecheza seti tatu asubuhi akaondoka kabla ya chakula cha mchana, nani atamwona? Kocha niliyezungumza naye siku ile Kitengela alikuwa amefika saa sita.

Liko jambo jingine lisilogharimu hata shilingi, na ndilo ningeanza nalo kama ningekabidhiwa ratiba. Timu itokayo mbali zaidi isicheze kwanza. Ratiba nyingi hupangwa kwa kura, na kura haina habari kwamba kuna waliolala nyumbani wakaja kwa miguu, na kuna waliotoka Magadi gizani. Wenyeji na majirani wacheze asubuhi. Wageni wa mbali wapewe mchana, wakishanyoosha miguu na kutia kitu tumboni. Bora zaidi, wafike jioni ya kuamkia mashindano, walale katika mabweni ya shule mwenyeji. Pia timu mbili zitokazo mbali zisikutanishwe raundi ya kwanza, kwa sababu hapo mmojawapo hana budi kurudi.

Kuhusu istilahi, mwanafunzi wangu alipendekeza "mtoano maradufu". Nilimwambia kwamba maradufu humfanya msikilizaji adhani wanaotolewa wameongezeka, ilhali wamepunguzwa. Tukaafikiana kwa muda "mtoano wa mara mbili", naye akaiandika kwa penseli. Walimu wa michezo wa Kajiado hukutana mwanzoni mwa muhula kupanga ratiba. Kama wana neno bora zaidi nitalipokea, na kama watakubali kulijaribu jambo lenyewe katika voliboli na netiboli kwa muhula mmoja, niko tayari kuwachorea mikondo yote miwili ya mechi, wa juu na wa chini, kwenye karatasi moja kubwa ya kubandikwa ukutani.