Tufani na Mafuriko: Tujitayarishe Kabla ya Masika

Kwa wanachama wote.

Wengi wetu tumezoea kusema kuwa visiwa vyetu havipigwi na tufani. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya uvuguvugu, na huzunguka kwa sababu dunia nayo yazunguka. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko huo ni ndogo mno. Pemba iko kiasi cha digrii 5 tu kusini ya ikweta, na Unguja digrii 6. Ndiyo maana tufani nyingi za Bahari ya Hindi hutupita mbali, zikaelekea Bukini na Msumbiji.

Hata hivyo, tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja. Merikebu zilivunjika bandarini, minazi ikaanguka, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ikatangulia kwa karafuu. Aprili 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi, na mwanzoni mwa Mei 2024 tufani ya Hidaya ilifika mpaka Mafia.

Tazameni miezi hiyo: yote ni ya masika, ardhi imekwisha kushiba maji. Upepo hupita kwa saa chache, lakini maji hubaki. Mkarafuu uliosimama majini mizizi yake hukosa hewa ikaoza, na ardhi ikilainika mti huanguka kwa upepo mdogo. Na mche mpya hautoi karafuu mpaka upite miaka 6 au zaidi.

Basi yatupasa kufanya haya:

Kwanza, kabla ya Machi kwisha tuzibue mitaro ya mashamba. Mtaro ukate mteremko kwa mshazari. Ukishuka moja kwa moja utachukua udongo.

Pili, karafuu iliyobaki ghalani iwekwe juu ya mbao. Mimi mwenyewe masika moja niliacha magunia mawili sakafuni. Maji yaliingia usiku, karafuu ikaota ukungu, nikakosa bei.

Tatu, matawi makavu yaliyo juu ya nyumba yakatwe.

Nne, wenye nyumba mabondeni wapatane mapema na jamaa waliojenga juu, ili wapate pa kuhamia na watoto na wazee. Hati za shamba zitiwe katika mfuko usiopenya maji.

Tano, tusikilize redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tufani ikitangazwa, ngalawa zisitoke. Mtu asivuke maji ya bonde yaendayo kasi, hata kama jana alivuka kwa miguu. Na upepo ukinyamaza ghafula, msitoke nje upesi: huenda hicho ni kitovu cha tufani, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Ndugu wanachama, kutawakali ni wajibu wetu, lakini kutawakali si kukaa bila ya kufanya sababu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mmoja aanze na mtaro wake, kisha amtazame jirani mjane au mzee asiyeweza kushika jembe.

Wassalaam,
Katibu wa Chama