Moyo Uliokaa Upande wa Kulia

Leo tunazungumza juu ya hali adimu ambayo mtoto huzaliwa nayo: viungo vya ndani kukaa mahali pasipo pa kawaida.

Kwa kawaida moyo huelekea kushoto, ini huwa kulia na wengu huwa kushoto. Viungo hupangwa hivyo katika wiki za kwanza za mimba, wakati akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Wako watoto ambao viungo vyote vimegeuka, kama sura ndani ya kioo. Wengi wao huishi vizuri. Wengine viungo vyao vimechanganyika. Hali hiyo huitwa heterotaksia, na humpata mtoto 1 hivi kati ya 10,000. Si chira, wala si kosa la mama.

Heterotaksia ina hatari tatu. Moyo unaweza kuwa na kasoro. Matumbo yanaweza kujisokota. Na wengu unaweza kukosekana. Wengu huchuja damu na kupigana na vijidudu, hivyo mtoto asiye nao anaweza kuzidiwa na nimonia au malaria kwa saa chache tu.

Mama, angalia dalili hizi:

• Ulimi na ndani ya midomo kuwa na rangi ya samawati.
• Kuhema mbio, kutoka jasho au kuchoka anaponyonya, na kutoongeza uzito.
• Kutapika matapishi ya kijani. Hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kuche.

Hospitalini mtoto hupigwa eksirei ya kifua, ultrasaundi ya tumbo, na kipimo cha moyo kiitwacho eko. Upasuaji wa moyo hufanywa hapa hapa Kenya, kwa mfano Tenwek kule Bomet na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Ukiambiwa mtoto hana wengu, fanya haya. Mpe penisilini kila siku kama daktari alivyoagiza. Akina mama wenye watoto wa seli mundu wanaijua dawa hiyo. Kamilisha chanjo zote, ikiwemo ya nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, na ya malaria, iliyozinduliwa Kenya pale Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019. Alale ndani ya neti kila usiku. Akipata homa, usimpe panadol ukasubiri. Mpeleke hospitali mara moja.

Mwisho, hakikisha hali hii imeandikwa katika kijitabu chake cha kliniki, nawe ukitaje kwa kila daktari au muuguzi. Anayemtibu lazima ajue moyo uko wapi na kama wengu upo.

Mwambie na jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.