ANAYESIKIA KWA SHIDA NAYE APOKEE SIMU



Siku hizi habari nyingi huja kwa simu: tarehe ya kurudi kliniki, kuitwa kwenye mahojiano, salamu za ndugu waliobaki Uvira au Bujumbura. Kwa mtu asiyesikia vizuri, habari hizo zaweza kumpita. Akiambiwa "njoo saa tatu" akasikia "saa tano", atafika wakati jina lake limekwisha kuitwa. Wengine huona aibu kuuliza. Hujibu "ndiyo, ndiyo", kisha hukata simu bila kuelewa.

Kwa nini simu ni ngumu?

Mtu asiyesikia vizuri husaidiwa na macho: hutazama midomo na uso wa msemaji. Kwenye simu hayo hayapo. Pia simu nyingi za kawaida hazipitishi sauti yote. Sauti nyembamba, kama za herufi s na f, hupungua. Hizo ndizo ambazo mzee, au mtu aliyeumizwa masikio na milio ya bunduki na mabomu, huzipoteza kwanza. Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii: sauti huwa kubwa, lakini maneno hayaeleweki.

Wewe unayepiga simu

- Taja jina lako kwanza, kisha sema unapiga kwa jambo gani. Akijua mazungumzo yanahusu nini, ataweza kukisia neno lililompita.
- Sema polepole kwa sauti ya kawaida. Kaa mbali na redio na mashine ya kusaga.
- Asipoelewa, usirudie maneno yale yale. Yabadilishe: "saa tatu asubuhi, baada ya chai."
- Namba zitaje moja moja. Sita na tisa huchanganywa kwa urahisi, hesabu: "nne, tano, sita."
- Usiulize tu "umeelewa?" Mwombe akurudishie siku na saa kwa kinywa chake.
- Mwisho, mtumie meseji yenye siku, saa na mahali.

Wewe unayesikia kwa shida

- Tumia sikio lililo zima zaidi na uongeze sauti ya simu.
- Weka mtetemo, na simu ikae mfukoni, usikose kujua kwamba inaita.
- Kama unavaa kifaa cha kusaidia kusikia, elekeza simu kwenye maikrofoni ya kifaa, si kwenye tundu la sikio. Kikipiga mluzi, sogeza simu kidogo.
- Kipaza sauti cha simu husaidia, lakini nyumba zetu zimebanana na jirani naye anasikia. Kwa habari za ugonjwa au mahojiano, nenda faragha.
- Popote unapoandikishwa, sema wazi: "Sisikii vizuri, nitumieni meseji." Kama hujui kusoma, toa namba ya mtu unayemwamini, uliyemchagua mwenyewe.
- Anayetumia lugha ya alama anaweza kuzungumza kwa simu ya video, mtandao ukiwa na nguvu.

Fika kituo cha afya

Usidhani kila kutosikia ni uzee. Huenda ni nta iliyoziba sikio, au usaha, na hayo yanatibika. Usichokonoe sikio kwa njiti, wala usitie mafuta au dawa za kienyeji. Ukiacha kusikia ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hata kwa sikio moja tu, njoo siku hiyo hiyo. Ukichelewa, huenda usikivu usirudi. Mhudumu akikuandikia dawa, mweleze kwamba una shida ya kusikia, kwa kuwa baadhi ya dawa, kama sindano za gentamicin, zaweza kudhuru masikio.

Kutosikia si ujinga wala kiburi. Jirani yako asipopokea simu, mfuate nyumbani umpe habari ana kwa ana.