Kakuma: Kimbilio Lisilo na Kura

Kambi ya Kakuma iko Turkana Magharibi, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti. Ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi.

Wapenzi wa jinsia moja kutoka Uganda walianza kuingia kwa makundi mwaka 2014, Rais Yoweri Museveni alipotia saini sheria ya kuwaadhibu. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta Agosti mwaka huohuo, lakini aliyekwisha kutangazwa magazetini au kukataliwa na ukoo hakuwa na pa kurudi. Kenya iliwaandikisha kama waomba hifadhi, ingawa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono ya jinsia moja. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha.

Ukiulinganisha na Kakuma, mtaa wa Castro, San Francisco, ni mfano tofauti. Wapenzi wa jinsia moja walihamia huko kwa hiari, wakafungua maduka na baa zilizovuta watalii, na mwaka 1977 kura zao zikamwingiza mmoja wao, Harvey Milk, kwenye baraza la jiji. Wa Kakuma walipelekwa kambini. Hawapigi kura, na majirani zao ni wakimbizi wenzao, wengi wakiwa watu wa dini wasiowakubali. Mwaka 2018 waliandamana kambini kudai haki, vitisho vikafuata, na baadhi wakahamishiwa Nairobi. Machi 2021, wakati UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikikadiria kuwa wako 300 hivi, Bloku 13, walikoishi baadhi yao, ilirushiwa bomu la petroli. Mmoja wa waliojeruhiwa alifariki mwezi uliofuata.

Mwaka 2023 Uganda ilitunga sheria kali zaidi, yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Wakati huo wengine walikuwa wakiihama Kakuma kwenda kambi ya Gorom, karibu na Juba, wakitumaini kupata nchi ya tatu ya kuwapokea. Januari 2025 Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi, na njia hiyo ikazidi kuwa nyembamba.

Machi 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza kambi kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji. Kwa Waturkana, swali ni maji, kuni na ajira. Kwa wakimbizi wapenzi wa jinsia moja, miji hiyo itakuwa bado chini ya kifungu cha 162.