Kazi ya Prodyuza (Sehemu ya Pili): Rekodi ni ya Nani?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kazi yenyewe: jinsi prodyuza wa hip-hop au wa muziki wa kucheza anavyopanga ngoma, besi na kinanda, anavyomwongoza mwimbaji mbele ya maikrofoni, kisha anavyomiksi mpaka ipatikane masta, yaani ile nakala kuu inayozaa nakala nyingine zote. Leo tunaingia kwenye swali ambalo vijana wa Kalemie huliuliza kabla ya hayo yote: je, kazi hii inalisha?

Inalisha, ila si wote. Ukifuatilia habari za muziki wetu, hapa Kongo na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, utaona kwamba waliokula kwa miaka mingi si lazima wawe waliokuwa na mkono mzuri kuliko wenzao. Ni wale walioshika umiliki wa rekodi. Wavuvi wa ndagala wanalijua jambo hili vizuri: anayevuta wavu hulipwa usiku wake, mwenye mtumbwi na nyavu hupata fungu kila chombo kinapoingia majini.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy, aliyewahi kuwa fundi kwenye meli za mtoni, alirekodi "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Zikafuata lebo za Opika, kisha Loningisa ya Basile Papadimitriou, ambako mpiga gitaa Franco alianza angali kijana mdogo. Wafanyabiashara hao walikuwa na studio, ala na njia za kuuzia sahani. Mwanamuziki alileta kipaji, akapokea malipo, akaondoka. Katanga nayo, ambayo mkoa wetu wa Tanganyika ulikuwa sehemu yake hadi mgawanyo wa 2015, ilipita njia hiyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka, na hadi leo wapiga gitaa wanajifunza vidole vya Bosco. Lakini mashine, sahani na soko havikuwa vyake.

Mtu aliyeugeuza mpango huo alikuwa mpiga saksafoni. Verckys Kiamuangana Mateta alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963. Kabla ya mwongo huo kwisha alikuwa ameondoka, ameunda bendi ya Vévé na lebo yake mwenyewe, Éditions Vévé. Katika miaka ya 1970 lebo hiyo ilibeba bendi za vijana wa wakati ule: Bella Bella, Lipua Lipua, Kiam. Verckys alinunua vyombo, akawapa bendi changa, akazirekodi na kuuza sahani zao. Alikuwa fundi wa sauti, mwajiri na mwenye duka kwa pamoja. Wapo waliomlalamikia kwamba mkono wake ulikuwa mzito kwa wanamuziki wake, na malalamiko ya namna hiyo hayakosekani mahali ambapo mtu mmoja anashika ala, studio na soko. Alipofariki mwaka 2022, jina lake lilikuwa limesimama peke yake, mbali na kivuli cha Franco.

Sasa tuvuke ziwa. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilikuwa na studio chache: Don Bosco, Mawingu alikofanya kazi Bonny Luv, MJ ya Master J, na Bongo Records ya P-Funk Majani. Hapo ndipo hip-hop ya Kiswahili ilipopata sauti yake. P-Funk alisimamia "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay mwaka 2001 na "a.k.a. MIMI" ya Mangwair mwaka 2004, na mlio wa ngoma zake ulitambulika kabla msanii hajafungua kinywa. Hata hivyo, kanda zilikuwa zikipita kwa wasambazaji wa Kariakoo. Mara nyingi msambazaji alinunua masta kwa fungu moja la fedha, akachapa kanda kadiri alivyotaka, na hesabu ya zilizouzwa ikabaki kwake. Prodyuza alikuwa ameshalipwa ada ya studio. Wimbo ukipigwa miaka kumi, yeye alikula siku moja.

Nairobi walijaribu njia nyingine, ya kuwa na lebo kamili. Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records mwaka 2000 katika mtaa wa California, na mtindo wa genge ukazaliwa hapo. Ndugu wawili wa Ogopa Deejays nao wakajenga mtindo na kundi la wasanii chini ya jina moja. Tedd Josiah ndiye aliyetengeneza "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji mwaka 2002, wimbo ulioimbwa na umati katika kampeni iliyomaliza utawala wa chama cha KANU. Baadaye Tedd aliugeukia ufundi wa ngozi, akawa na kampuni ya mifuko. Sitaji hilo kama anguko. Kazi ya uprodyuza ina msimu wake, na mwenye akili hujenga mlango wa pili mapema. Master J naye Watanzania wengi wa leo wanamjua zaidi kama jaji wa Bongo Star Search.

Halafu kompyuta ikashuka bei. Huko Mburahati, Dar es Salaam, prodyuza Sisso na wenzake walijenga muziki wa singeli kwa programu za kawaida za kompyuta, mapigo yakifika 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na maprodyuza hao wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Tazama tofauti: jina lililo mbele ya rekodi ni la prodyuza na studio yake, na wao wenyewe ndio wanaopanda jukwaani. Maprodyuza wa muziki unaopigwa redioni wamefanya hivyo kwa njia nyingine, kwa kutia jina lao ndani ya wimbo. Nani hajasikia "Ayo Lizer" mwanzoni mwa nyimbo za lebo ya Wasafi?

Jina peke yake, hata hivyo, halilipi. Chukua wimbo "Tetema" wa Rayvanny na Diamond, biti ya S2Kizzy, ya mwaka 2019. Mwaka 2021 Maluma wa Colombia aliutoa upya pamoja na Rayvanny, na ukapigwa kwenye jukwaa la tuzo za MTV mjini Budapest. Safari kama hiyo humfaidi prodyuza iwapo tu karatasi inasema ana asilimia ngapi.

Kisheria, wimbo mmoja hubeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno, melodi na mpangilio wa muziki. Ya pili ni rekodi yenyewe, yaani masta. Hapa Kongo mambo haya yanatawaliwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mirabaha hukusanywa na shirika la SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Prodyuza aliyetunga biti ni mtunzi mwenza. Akiuza biti bila maandishi, kwa vitendo huwa amejitoa mwenyewe kwenye mali zote mbili kwa bei ya mafuta ya jenereta.

Lipo pia jambo letu Wakongo: mabanga. Tajiri humlipa mwimbaji ili jina lake litajwe katikati ya wimbo. Fedha hiyo huingia mfukoni mwa mwimbaji au kiongozi wa bendi, ilhali ni prodyuza anayeliachia jina hilo nafasi ndani ya wimbo na kuisawazisha sauti inayolitaja. Ikiwa mapato ya mabanga hayakutajwa katika makubaliano, usiyatarajie.

Kwa kijana wa Lubuye, hapa Kalemie, mwenye kompyuta na spika mbili, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kumpa msanii wimbo, andikeni karatasi moja: majina halisi ya waliotunga, asilimia za kila mmoja, mwenye masta, na nani atakayeupandisha mtandaoni. Wote watie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Tunza faili zote za wimbo, kila ala peke yake, mahali pawili. Ada ya studio ichukue, maana umeme na chakula ni vya leo; lakini iandikwe wazi kwamba ada ni malipo ya kazi, si bei ya haki zako.

Juma lijalo, katika sehemu ya tatu, tutaisoma karatasi hiyo kifungu kwa kifungu, kisha tutaona jinsi wimbo uliorekodiwa Kalemie unavyoandikishwa ili mirabaha yake ipate pa kurudi.